Maji Kifuani Si Lazima Yawe Kifua Kikuu: Tuufahamu Uvimbe wa Utando wa Mapafu, Upasuaji Wake na Kurudi Kwake

Na Ofisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Katika kata zetu za ukanda wa dhahabu, mtu akikohoa kwa muda mrefu majirani hutaja ugonjwa mmoja tu: kifua kikuu. Mara nyingi hawakosei. Vumbi la mawe, msongamano wa makambi ya machimbo na uhamaji wa watu kutoka rashi moja kwenda nyingine vimeufanya ugonjwa huo uwe wa kwanza kushukiwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Hata hivyo, wapo wagonjwa wachache wanaomaliza dawa za miezi sita kwa uaminifu, lakini maji yakaendelea kujaa kifuani, au kivuli cheupe kwenye picha ya eksirei kikabaki pale pale. Wengine hurudishwa kwenye dawa zile zile mara ya pili. Wengine hukata tamaa, wakaacha hospitali na kwenda kutafuta sababu kwingineko.

Makala hii inawahusu wagonjwa hao wachache. Miongoni mwao wamo wenye uvimbe unaoota kwenye utando wa mapafu, ugonjwa adimu ambao wananchi wengi hawajawahi kuusikia. Baadhi ya uvimbe huu hupona kabisa kwa upasuaji. Baadhi hurudi baada ya miaka mingi, wakati mgonjwa ameshasahau kuwa aliwahi kulazwa. Tofauti kati ya kupona na kupoteza maisha mara nyingi huwa katika mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu: kuwahi uchunguzi, na kutopotea baada ya matibabu.

UTANDO WA MAPAFU NI NINI?

Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona utando huu. Ukipasua kifua utakuta ngozi nyembamba inayong'aa, imebandikwa upande wa ndani wa mbavu, na nyingine kama hiyo imeyafunika mapafu yenyewe. Binadamu anao vivyo hivyo. Kati ya tabaka hizo mbili kuna majimaji kidogo sana, mfano wa mafuta ya kulainishia mashine, yanayoyawezesha mapafu kupanuka na kusinyaa bila kusuguana na mbavu.

Utando huo ukiugua, majimaji huongezeka. Mapafu hubanwa, na mgonjwa hupumua kwa shida, hasa anapopanda mlima, anapobeba kiroba au anapolala chali. Hali hiyo ndiyo wengi huiita "maji kwenye mapafu", ingawa kwa hakika maji huwa nje ya pafu, kati ya tabaka hizo mbili.

Sababu za maji hayo ni nyingi. Katika mazingira yetu kifua kikuu kiko mstari wa mbele. Zipo pia nimonia, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa figo, na saratani zilizoanzia sehemu nyingine, kama vile mapafu au titi, kisha zikasambaa hadi kwenye utando. Uvimbe ulioanzia kwenye utando wenyewe ni wa nadra zaidi kuliko yote hayo.

FUNDISHO KUTOKA KIMBERLEY

Watu wa Shinyanga wanalifahamu jina la Kimberley hata kama hawajui kwamba wanalifahamu. Mwamba unaobeba almasi pale Mwadui huitwa kimbalaiti, na jina hilo limetokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, ulioanza kuchimbwa almasi karne ya 19.

Katika mji huo, miaka ya 1950, daktari Sleggs aliyekuwa akisimamia hospitali ya kifua kikuu aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa wengi wenye maji kifuani walipona kwa dawa za kifua kikuu. Lakini wapo ambao hawakupona, na utando wao ulizidi kuwa mnene. Badala ya kuendelea kuwapa dawa zile zile, yeye na wenzake walichukua vinyama kutoka kwenye utando na kuvipeleka kwa mtaalamu wa patholojia, Dkt. J. C. Wagner. Mwaka 1960 walitangaza wagonjwa 33 wenye saratani adimu ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma. Walipouliza historia za wagonjwa hao, waligundua kwamba karibu wote walikuwa wamewahi kuishi au kufanya kazi karibu na machimbo ya asbesto. Wengine hawakuwahi kuchimba kabisa. Walikuwa watoto waliocheza karibu na malundo ya mabaki ya machimbo.

Fundisho hilo halijachuja. Kifua kikuu hutibiwa kwanza kwa sababu ndicho kilicho kingi. Lakini mgonjwa asipopata nafuu inayotarajiwa, swali sahihi si "ameze tena?" bali ni "je, tuna uhakika ni kifua kikuu?"

AINA MBILI ZISIZOFANANA

Uvimbe unaoanzia kwenye utando wa mapafu una aina kadhaa, lakini mwananchi akizifahamu mbili atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya suala hili.

Aina ya kwanza ni mesothelioma, iliyotajwa hapo juu. Hii ni saratani. Haikai mahali pamoja, bali hutambaa juu ya utando kama utandu juu ya maziwa, hadi ikalizingira pafu. Chanzo chake kikuu ni kuvuta nyuzi za asbesto, na hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuzivuta. Aliyefanya kazi ya kubomoa mapaa akiwa kijana anaweza kuugua akiwa mzee mwenye wajukuu.

Aina ya pili ni uvimbe pweke wa nyuzi. Huu huwa donge moja, mara nyingi lenye mipaka inayoonekana vizuri, na baadhi huning'inia kwenye kikonyo mithili ya embe mtini. Madaktari Klemperer na Rabin waliueleza mwaka 1931, wakautenganisha na ule unaotambaa. Hauhusiani na asbesto wala sigara, na chanzo cha kuanza kwake hakijulikani. Mwaka 2013 wanasayansi waligundua kwamba ndani ya chembechembe zake jeni mbili zilizopaswa kukaa mbalimbali huwa zimeungana, na ugunduzi huo sasa husaidia maabara kuutambua. Huwapata wanaume na wanawake kwa kiwango kinachokaribiana, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 50 hadi 70. Takriban uvimbe 8 kati ya 10 wa aina hii si saratani.

Tofauti hii ni muhimu sana. Mtu akiambiwa ana "uvimbe kwenye utando wa mapafu" asiondoke na neno hilo peke yake. Aulize ni aina gani, kwa sababu matarajio ya aina moja na nyingine ni kama usiku na mchana.

JE, VUMBI LA DHAHABU HUSABABISHA UVIMBE HUU?

Hili ni swali la haki kwa wananchi wa Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko ambako makarasha husaga mawe kutwa nzima. Jibu linahitaji uangalifu.

Mawe ya dhahabu huwa na madini ya kwatzi, ambayo yakisagwa hutoa vumbi la silika. Vumbi hilo husababisha silikosisi, yaani makovu ya kudumu kwenye mapafu. Huongeza sana uwezekano wa kupata kifua kikuu, na limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu yenyewe. Kwa upande wa mesothelioma, chanzo kilichothibitishwa ni asbesto, si silika. Hivyo si sahihi kumwambia mchimbaji kwamba duara la dhahabu litampa uvimbe wa utando.

Hata hivyo, mchimbaji ana sababu ya pekee ya kuufahamu ugonjwa huu. Kifua chake kinaweza kuwa na makovu ya silikosisi, kifua kikuu cha zamani na uvimbe mpya kwa wakati mmoja. Katika picha ya eksirei yenye vivuli vingi, donge jipya hujificha kwa urahisi. Ndiyo maana picha za zamani zisitupwe. Daktari akiweka picha ya mwaka huu kando ya ile ya miaka mitatu iliyopita, ndipo huona kilichoongezeka.

DALILI NA SAFARI YA VIPIMO

Uvimbe pweke wa nyuzi ukiwa mdogo hauna dalili. Wengi hugunduliwa mtu anapopigwa eksirei kwa sababu nyingine kabisa, kama vile uchunguzi wa afya kazini. Ukikua huleta kikohozi kikavu, maumivu ya kifua upande mmoja na kukosa pumzi. Umewahi kupatikana uvimbe wenye upana wa zaidi ya sentimita 30, ambao umejaza nusu ya kifua bila mgonjwa kuwa na maumivu makali.

Zipo pia dalili mbili za ajabu zinazostahili kutajwa. Ncha za vidole huweza kuvimba na kucha kujikunja mfano wa mgongo wa kijiko, huku viungo vikiuma. Na katika wagonjwa wachache, wasiofikia 5 kati ya 100, uvimbe hutoa kemikali inayoshusha sukari katika damu. Mgonjwa hutokwa jasho, huchanganyikiwa au huanguka na kupoteza fahamu, hasa alfajiri kabla ya kula. Tunaomba familia zilifahamu hili. Mtu anayeanguka mara kwa mara bila kuwa na kisukari apimwe sukari wakati huo huo wa tukio, kabla ya ndugu kuanza kunyoosheana vidole kwamba amerogwa. Uvimbe ukitolewa, sukari hurudi katika hali yake.

Mesothelioma huleta zaidi maji kifuani yanayojirudia, maumivu yasiyokoma na kupungua uzito.

Njia ya uchunguzi huanza karibu na nyumbani. Katika zahanati au kituo cha afya, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi huchunguzwa kifua kikuu, na huduma hiyo pamoja na dawa zake ni bure. Katika hospitali ya wilaya hupigwa eksirei, na altrasaundi huonyesha kama kivuli cheupe ni maji au ni kitu kigumu. Kama ni maji, huvutwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Maji yenye damu, au sindano inayotoka kavu mahali palipodhaniwa kuwa na maji, ni ishara kwamba uchunguzi uendelee.

Mwananchi aelewe jambo moja hapa. Vimelea vya kifua kikuu huwa vichache sana katika maji ya kifuani, hivyo kipimo kinaweza kusema havipo ilhali vipo. Ndiyo sababu daktari anaweza kuanzisha dawa kwa kuzingatia dalili, na kufanya hivyo si uzembe. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa asiache kwa sababu amesoma makala hii. Anachopaswa kufanya ni kuhudhuria tarehe zote za kliniki. Kwa kawaida homa hupungua ndani ya wiki chache na maji hukauka ndani ya miezi michache. Maji yasipopungua, yakirudi baada ya kuvutwa, au uzito ukiendelea kushuka, amwambie mhudumu waziwazi na aombe kuangaliwa upya. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Hatua inayofuata ni rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Shinyanga au Geita, na baadaye hospitali ya kanda, ambako hufanywa CT skani na kuchukuliwa kinyama kwa ajili ya patholojia. Kwa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo rufaa ya wengi na ina huduma za saratani. Hospitali ya Kanda ya Chato nayo imesogeza huduma za kibingwa karibu na wananchi wa Geita. Kitaifa ziko Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Safari ya Geita kwenda Mwanza nayo imekuwa nyepesi tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Mgonjwa hasubiri tena kivuko.

UPASUAJI WA UVIMBE PWEKE

Kwa uvimbe pweke wa nyuzi, upasuaji ndiyo tiba kuu. Dawa za saratani na mionzi zina nafasi ndogo. Lengo la daktari ni kuutoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama yenye afya unaouzunguka, ili pasibaki hata chembe.

Ukiwa unaning'inia kwenye kikonyo kilichoshika pafu, daktari hukata kikonyo pamoja na kipande kidogo cha pafu. Ukiwa umekaa kwa upana juu ya ukuta wa kifua, kazi huwa kubwa zaidi, na wakati mwingine hulazimu kutoa sehemu ya ukuta huo, hata mbavu. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera. Mkubwa huhitaji kufungua kifua.

Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira kifuani kwa siku kadhaa ili kutoa hewa na maji yaliyobaki. Hufundishwa mazoezi ya kupumua, na asiyaache kwa sababu ya maumivu, kwani pafu lisilopanuka hukaribisha nimonia. Maumivu kwenye kovu yanaweza kuendelea kwa miezi. Kurudi duarani, kubeba viroba au kulima kwa jembe la mkono kusubiri ruhusa ya daktari.

KWA NINI UVIMBE HURUDI?

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Wagonjwa wengi huona kwamba donge likishatolewa, habari imekwisha. Kwa wengi ni kweli, lakini si kwa wote, na hakuna anayeweza kujua kwa kujitazama kwenye kioo.

Uvimbe hurudi kwa sababu mbili kuu. Kwanza, chembe chache zinaweza kuwa zimebaki kwenye ukingo, hasa pale uvimbe ulipokuwa umeshika eneo pana. Pili, tabia ya uvimbe wenyewe: ule ambao chembe zake hugawanyika kwa kasi au wenye sehemu zilizokufa ndani yake huwa mkali zaidi. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani waliochunguza uvimbe wa aina hii 223 ndio walioweka vigezo vinavyotumika hadi leo kutofautisha mkali na usio mkali.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2002 na daktari de Perrot na wenzake yanaonyesha tofauti hiyo kwa hesabu. Kwa uvimbe usio saratani wenye kikonyo, ulirudi kwa takriban wagonjwa 2 kati ya 100. Kwa usio saratani uliokaa kwa upana, 8 kati ya 100. Kwa ulio saratani wenye kikonyo, 14 kati ya 100. Kwa ulio saratani na umekaa kwa upana, 63 kati ya 100, na wengi wa hao ulirudi ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika hesabu hizo. La kwanza ni kwamba hata kundi lenye hatari ndogo halina sifuri. Uvimbe ulioitwa "usio na madhara" umewahi kurudi baada ya zaidi ya miaka 10, na mara nyingine ukarudi ukiwa mkali kuliko wa awali. La pili ni la faraja: uvimbe uliorudi ukigunduliwa ungali mdogo, unaweza kutolewa tena, na mgonjwa akaishi miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa sababu hiyo madaktari hao walipendekeza mgonjwa apigwe CT skani kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kisha mara moja kila mwaka. Ratiba kamili hupangwa na daktari anayemhudumia mgonjwa.

MESOTHELIOMA: PALE KISU KISIPOTOSHA

Kwa mesothelioma hali ni tofauti, na uungwana unatutaka tuseme ukweli. Kwa kuwa saratani hii hutambaa juu ya utando wote, ni vigumu mno kuiondoa hadi chembe ya mwisho, na hurudi karibu kwa kila aliyefanyiwa upasuaji. Kwa miaka mingi baadhi ya hospitali kubwa duniani zilifanya upasuaji mzito wa kubandua utando, na hata kutoa pafu zima. Utafiti wa Uingereza uitwao MARS 2, uliohusisha wagonjwa 335 na kuchapishwa mwaka 2024, ulilinganisha waliopewa dawa za saratani pekee na waliopewa dawa hizo pamoja na upasuaji wa kubandua utando. Kiwango cha kati cha kuishi kilikuwa takriban miezi 25 kwa waliopata dawa pekee, na miezi 19 kwa waliopasuliwa. Upasuaji mkubwa haukuongeza maisha. Uliwaongezea wagonjwa mateso.

Kwa hiyo familia isiuze ng'ombe wote kumtafutia mgonjwa wa mesothelioma upasuaji mkubwa ng'ambo kabla ya kuzungumza na daktari bingwa. Matibabu yaliyopo ni dawa za saratani, dawa za kuimarisha kinga katika nchi na hospitali zinakopatikana, na huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso: kuvuta maji, kuunganisha tabaka za utando kwa poda maalumu ya talki ili maji yasijae tena, na dawa za maumivu. Kumwondolea mgonjwa maumivu na kumwezesha kupumua vizuri nyumbani kwake ni tiba kamili, wala si kumtelekeza.

MGONJWA ASIPOTEE

Ugumu mkubwa wa ufuatiliaji katika eneo letu unatokana na maisha yetu. Tuchukue mfano wa mchimbaji aliyefanyiwa upasuaji Mwanza. Alijiandikisha kwa anwani ya kambi aliyokuwa akiishi. Miezi minne baadaye rashi imetokea wilaya nyingine, amehama. Laini ya simu amebadilisha. Tarehe ya CT skani inapita, hospitali inapiga simu haipatikani. Uvimbe ukirudi, atakwenda zahanati ngeni kama mgonjwa mpya wa kikohozi, na safari yote itaanza upya kwenye makohozi.

Ili kuzuia hilo, tunamshauri kila aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kifua afanye yafuatayo:

1. Aombe na kutunza nakala ya ripoti ya patholojia, karatasi ya kuruhusiwa, na CD ya picha za CT skani. Azihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, na nakala moja aiache nyumbani kwao, si kambini.

2. Aandikishe hospitali namba za simu za ndugu wawili wasiohamahama, kama vile mama mzazi, kaka au mjomba aliyeko kijijini.

3. Kabla hajaruhusiwa amuulize daktari maswali manne: Uvimbe wangu ulikuwa wa aina gani? Je, ulikuwa na kikonyo au ulikaa kwa upana? Je, ukingo uliokatwa ulikuwa safi? Nirudi lini kwa picha ya kwanza?

4. Akihama, aonyeshe karatasi zake katika kituo cha afya cha eneo jipya, hata kama haumwi.

5. Asisubiri tarehe ya kliniki iwapo kikohozi, maumivu ya upande uliopasuliwa, kukosa pumzi au kuanguka kutajirudia.

Watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaombwa kuwakumbusha wagonjwa wa namna hii bila kutangaza siri zao.

GHARAMA NA HAKI

Uchunguzi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma. CT skani, upasuaji na patholojia vina gharama. Mwenye bima ya afya athibitishe mapema huduma zipi zimo katika kifurushi chake, na afuate ngazi za rufaa ili madai yake yasikataliwe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Asiye na bima anashauriwa kujiunga akiwa mzima, maana bima haikatwi kitandani. Asiye na uwezo kabisa aanze kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa kupata barua, kisha amwone Ofisa Ustawi wa Jamii wa hospitali.

Mwajiriwa anayeshuku kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi ana haki ya kutoa taarifa kwa mwajiri ili suala lifikishwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoacha. Picha ya kifua ya siku ya kuacha kazi ni mali kubwa. Dai nakala yako.

KINGA INAYOWEZEKANA

Uvimbe pweke wa nyuzi hauna kinga inayojulikana. Silaha yetu ni kuugundua mapema. Mesothelioma ina kinga, nayo ni kuepuka asbesto. Baadhi ya majengo ya zamani bado yameezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto. Yakiwa mazima na hayaguswi, hatari yake ni ndogo. Hatari huja yanapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kusagwa. Tunaomba wananchi wasiyavunje wenyewe, wasiyatumie kujengea mabanda ya kuku, wala wasiwaruhusu watoto kuchezea vipande vyake. Atakayekuta mabaki hayo atoe taarifa kwa Ofisa Mazingira wa Halmashauri, ili yaondolewe yakiwa yameloweshwa na kufungwa kwa taratibu zinazosimamiwa na NEMC. Aliyefanya kazi ya kubomoa asipeleke nguo zenye vumbi nyumbani. Duniani wapo wanawake waliougua kwa kufua nguo za waume zao.

Na kwa vumbi la silika, kanuni ni ile ile tunayoirudia kila msimu: mwaga maji unapochoronga na unaposaga, weka karasha mbali na makazi, vaa barakoa maalumu ya vumbi badala ya kitambaa, na usiwapeleke watoto kwenye karasha wala mwaloni.

Mwisho, ndugu mwananchi, ugonjwa adimu hauwi adimu kwa yule aliyeupata. Kama wewe au ndugu yako amemaliza dawa za kifua na bado hapumui vizuri, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiwa na kadi ya matibabu na picha za zamani, na uombe kuangaliwa upya. Na kama uliwahi kutolewa uvimbe kifuani, hata kama ni miaka saba iliyopita na unajisikia mzima kabisa, itafute karatasi yako leo na uangalie picha ya mwisho ulipiga lini.